Walionipeleka Kwenye Mashine

Kama juzi daktari amekuambia kwamba mafigo yako yamechoka, najua sasa unaletewa vitu vingi. Dua, chupa za majani ya kuchemsha, simu za watu wanaokuhadithia shangazi yao aliyepona kwa asali. Mimi sina dawa. Ninachoweza kukupa ni habari ya yaliyonipata, na sitaipaka sukari, maana wakati ule kila mtu alinipakia sukari na haikunisaidia kitu.

Jina langu Zuhura. Nimezaliwa Kikwajuni, Unguja, miaka michache baada ya Mapinduzi. Mama alifariki nikiwa msichana, nikamlea mdogo wangu Hamadi. Nilimwogesha, nikampeleka skuli, nikampigania na watoto wa mtaani waliomchokoza. Nilipoolewa na kuletwa London, jambo la kwanza nililomwomba mume wangu ni kumleta Hamadi. Akaja, akasoma, akaoa, akapata nyumba Walthamstow. Mume wangu alifariki mapema, nikabaki Tottenham na binti yangu Nasra katika fleti ya kaunsili, yaani nyumba za serikali ya mtaa. Ndugu mmoja, mtoto mmoja. Nilijiona nimetosheka.

Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, chini ya shirika moja la ustawi la Kiyahudi. Shirika hilo linasaidia familia za Kiyahudi za kaskazini ya London: wazee wasio na mtu, watoto wenye ulemavu, kina mama walioachwa, wagonjwa. Mimi nilipangiwa mjane mmoja wa Stamford Hill, Bi Esther, mkongwe wa karibu miaka tisini. Nilimwogesha na kumpikia. Nilishajua sufuria ipi ya nyama na ipi ya maziwa, maana dini yao haichanganyi viwili hivyo, na nikikosea alinigombeza kama mama mkwe.

Yeye ndiye aliyeniona mwanzo. Siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti namvisha soksi, akanitazama kwa muda.

"Zuhura, miguu yako imevimba kuliko yangu."

"Ni kusimama tu, Bi Esther."

"Mimi ndiye mzee humu ndani. Nenda kwa daktari, usije ukanifanya mimi nikuogeshe wewe."

Nilikwenda kwa ajili ya kumridhisha. Wakanipima presha, wakanitoa damu, wakanipeleka hospitali siku ile ile. Presha ilikuwa imenila mafigo kwa miaka na mimi sina habari. Nilidhani uchovu ni umri, na kichefuchefu cha asubuhi ni chai ya rangi. Kiangazi kilipokwisha nikaambiwa dawa hazitoshi tena, lazima niingie kwenye mashine ya kusafisha damu. Wakaunganisha mishipa miwili ya mkono wangu wa kushoto, ili sindano za mashine zipate pa kuingia. Mshipa ukavimba kama kamba chini ya ngozi, na ukiugusa ulitetemeka kama paka anayekoroma. Nasra aliugusa mara moja tu, akauondoa mkono wake.

Kazi nikaiacha. Ruth alipopiga simu kutoka shirikani kusema anakuja kuniona, niliamini anakuja kunipa barua ya kuachishwa. Ruth alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kitengo cha familia. Mwanamke mfupi, mwavuli umeroa, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Hakuleta barua yoyote.

"Shirika letu liliundwa kwa ajili ya familia za Kiyahudi," aliniambia. "Nikikuambia vingine nitakuwa muongo. Lakini wewe umewaogesha mama zetu miaka yote hii. Nimewaambia wakubwa wangu kwamba wewe ni wa kwetu, na wamekubali. Si wote, lakini wamekubali."

Nilimpenda kwa lile neno "si wote". Tangu nianze kuugua hakuna aliyeniambia kitu kilichokuwa na ukweli wake na uchungu wake pamoja.

Basi wakanipa walichonacho. Chakula cha mchana waliniletea mlangoni wanawake wa kujitolea. Nyama yao huchinjwa kwa jina la Mungu na damu hutolewa, kwa hiyo niliila kwa moyo mweupe. Tatizo ni kwamba nyama hiyo huchujwa damu kwa chumvi, na chumvi kwangu ilikuwa sumu. Ruth akazungumza na jikoni, wakaanza kunipikia samaki. Mmoja wa wale wanawake alimuuliza mwenzake kwenye ngazi za fleti yangu, akidhani sisikii, "Hivi huyu naye ni wa kwetu?" Mwenzake akabisha mlango. Nikapokea sahani, nikashukuru, nikafunga mlango. Mgonjwa hana nafasi ya kukasirikia sahani.

Wakanipa pia dereva. Bwana Leonard alikuwa mstaafu aliyefiwa na mke, amejitolea kupeleka wagonjwa hospitali kwa gari lake. Siku zangu za mashine zilikuwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia adhuhuri. Hakuwahi kuniuliza naendeleaje. Alinieleza habari za mpira, na za mkewe ambaye hakujua kupika wali hata siku moja, na akinyamaza alinyamaza kweli. Aliposikia kwamba kiu ndiyo inayonitesa, maana mgonjwa wa mashine hupimiwa maji ya kunywa kama mtoto anavyopimiwa dawa, alianza kuniletea zabibu zilizogandishwa kwenye friza, chache katika mfuko mdogo. Unaiweka moja mdomoni, inayeyuka polepole. Sijui nani alimfundisha. Kama una kiu hiyo, muulize daktari wako kwanza, kisha jaribu.

Chumba cha kungojea nitakisema kidogo. Viti vya plastiki, televisheni isiyo na sauti, dirisha linalotazama maegesho ya magari. Kila mtu na blanketi lake la nyumbani. Unajifunza kutouliza kiti kikiwa kitupu. Nesi mmoja Mkenya alikuwa akinichoma sindano huku akinambia, "Pole mama, vumilia kidogo," na lile "pole" lilinifanya nilie kuliko sindano. Kwenye mashine unakaa saa nne ukitazama damu yako inatoka nje, inazunguka, inarudi. Ukimaliza unakuwa mwepesi na baridi, miguu imekaza, kichwani kama umeshuka kwenye pembea. Ngozi yangu ilikuwa nyeusi ya kijivu. Nywele zilikatika. Nilikuwa nanuka dawa hata baada ya kuoga, na nikaacha kutia udi nguoni kwa sababu harufu mbili zile pamoja zilinichefua.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa na kasoro. Bwana Leonard aliweza kunipeleka, lakini majira ya baridi jua la London linazama mapema, na likizama Sabato yao imeingia, hawezi kuendesha gari. Aliniomba radhi kama aliyevunja kitu.

"Usijali," nilimwambia. "Ijumaa atanirudisha ndugu yangu."

Hamadi mwenyewe ndiye aliyejitolea, tena si Ijumaa tu. Sikukuu ya Idd tulikusanyika nyumbani kwake, watu wamejaa sebule nzima. Nilikuwa nimekaa pembeni na kipande cha mkate, maana pilau, tende, ndizi, kila kitu cha sikukuu nilikatazwa. Hamadi akasimama mbele ya watu akasema, "Figo langu ni la dada yangu. Kesho akitaka." Wanawake walilia. Mzee mmoja alimwombea dua ndefu. Mimi nilimwona yule mtoto niliyemfunga vifungo vya shati la skuli, nikasema moyoni, sikupoteza bure.

Alikwenda kupimwa, na majibu yakaja kwamba tunaendana vizuri sana. Aliyeniambia ni yeye, kwa simu, kwa sauti ya kawaida, kisha akasema ana mkutano.

Baada ya hapo ndipo kimya kilipoanza. Miadi yake ya pili hospitali aliiahirisha, kazi nyingi. Ya tatu, mtoto ana homa. Ijumaa alizokuwa anirudishe alikuja mara mbili, halafu akaanza kutuma ujumbe: samahani dada, foleni. Samahani dada, wiki ijayo. Nikawa narudi kwa basi. Ijumaa moja ya mvua ya barafu nilianguka kituoni. Wanawake wawili wasionijua waliniinua wakaniketisha, mmoja akanifunika skafu yake. Nilimpigia Hamadi kutoka pale. Simu iliita mpaka ikakata. Niliporudi nyumbani nilikuta ujumbe wake: "Nilikuwa msikitini, dada. Nimekuombea."

Kina mama wa mtaani walikuja kuniona pamoja, siku moja. Walileta biriani nisiyoweza kula, wakasema ugonjwa ni mtihani, wakamsifu Hamadi. "Una ndugu wewe. Wangapi wana ndugu wa kutoa figo?" Nikaitikia. Ningesema nini? Nikimshitaki, nitakuwa dada mwenye choyo anayetaka nyama ya mwili wa nduguye. Na kweli, kuna wakati nilijiona hivyo hivyo. Kuomba figo ni jambo baya kuomba. Unamtazama mtu unayempenda na macho yako yanashuka ubavuni mwake.

Nasra wakati huo alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Alikonda. Alikuwa haniangalii. Nikimsemesha Kiswahili alinijibu Kiingereza, hiyo ni kawaida yake tangu utoto, lakini sasa alijibu neno moja kisha anaingia chumbani. Nilidhani amechoka na maradhi yangu. Aliyejua kuna jingine ni Ruth. Kila alipokuja kwangu alizungumza na mimi, kisha akaomba azungumze na Nasra peke yake. Nilichukia. Kwetu mambo ya nyumbani hayatolewi nje, sembuse kwa mtu wa shirika, Myahudi, mwanamke niliyemjua kwa sababu ya kazi. Nilimwambia hivyo.

"Najua," alisema Ruth. "Na kwetu pia watu huniambia hivyo hivyo mlangoni. Nikiruhusiwa kuingia, nakuta mtu ndani amebeba kitu peke yake."

Wiki iliyofuata alituita shirikani sote watatu, mimi, Nasra na Hamadi. Hamadi alikuja kwa sababu Ruth alimpigia simu kazini. Chumba kidogo, birika la umeme, boksi la tishu juu ya meza. Ruth alisema Nasra ana jambo anataka kulisema, na kwamba yeye atakaa karibu naye tu.

Nasra alisema akitazama meza. "Mjomba ananipigia simu. Anasema mimi ndiye mtoto, kwa hiyo ni wajibu wangu kutoa figo. Anasema yeye ana watoto wadogo na mimi sina. Anasema nikikuambia utakufa kwa huzuni." Akaacha kutazama meza. "Nimeshaanza kupimwa, mama."

Nilimgeukia ndugu yangu. "Ni kweli?"

"Dada, nilikuwa natafuta njia."

"Njia ya nani?"

Alitazama saa ya ukutani. Ruth akamwambia kwa upole, "Bwana Hamadi, mtu yeyote anaruhusiwa kukataa kutoa figo. Hospitali hata haiwaambii ndugu zake sababu. Ni neno moja tu, na hapa hakuna atakayekupigia kelele."

Tulingoja. Wallahi nilimwombea alitamke. Kama angesema, dada, naogopa kisu, ningemkumbatia. Kama angesema mke wangu hataki, ningemwelewa. Alinyanyuka, akavaa koti lake.

"Nakwenda kuwachukua watoto skuli. Tutaongea, dada."

Hatukuongea.

Mlango ulipofungwa tuligombana mimi na Nasra mbele ya Ruth kama hayupo. Nilisema heri nife kuliko akatwe yeye. Akanijibu, Kiingereza chake kikavu, "Kwa hiyo nikutazame ukifa ili wewe usijisikie vibaya? Hilo nalo ni wajibu wangu?" Nilichofanya ni kukataa tu, na hospitali haiwezi kumlazimisha mtu kupokea. Kwa wiki kadhaa Nasra hakula nami meza moja.

Ruth hakujaribu kutupatanisha kwa haraka. Alimtafutia Nasra mshauri wa kuzungumza naye pale pale shirikani, mwanamke mwenye utulivu, na mlango wa mshauri huyo ukawa wazi kwake kila alipotaka. Akazungumza na chuo, wakampa muda wa kufidia mitihani. Kama si hayo, binti yangu angeacha masomo kabla ya majira ya baridi kwisha, nami nisingejua mpaka amekwisha kuacha. Wanaoniuliza Wayahudi walinisaidia nini, hutarajia nitaje chakula na gari. Kubwa ni hili: walimsikiliza mwanangu wakati mimi sikuweza, na wa kwetu hawakutaka.

Ijumaa shirika likapata mtu mwingine wa kunirudisha. Mwisho wa majira hayo Bi Esther alifariki. Wao huzika haraka kama sisi, na saa ya kumzika mimi nilikuwa nimefungwa kwenye mashine, damu yangu ikizunguka. Bwana Leonard alikuwako makaburini kabla ya kuja kunichukua. Aliniambia hali ilikuwa ya jua na upepo, watu wachache. "Mwanawe alikutaja," alisema. Nilifunika uso kwa mtandio mpaka tukafika nyumbani.

Simu ilikuja majira ya kuchipua, asubuhi, nimeshika samaki na kisu jikoni. Kuna figo la mtu aliyefariki, linanifaa, nifike hospitali sasa hivi. Mtu fulani alikuwa anaombolezwa asubuhi ile ile. Mpaka leo simjui jina wala umri. Kila nikimwombea namwita "yule".

Bwana Leonard alitupeleka, Nasra nyuma amenishika bega. Nilipozinduka kitu cha kwanza nilichoonyeshwa ni mfuko wa mkojo uliojaa. Cheka ukitaka. Mafigo yakifa mkojo hukauka, nilikuwa nimesahau kukojoa ni nini. Nasra aliutazama akacheka na kulia pamoja, akasema kwa Kiswahili, "Hongera, mama."

Hamadi alikuja siku chache baadaye na maua makubwa, mkewe pamoja naye. Uso wangu ulikuwa umeumuka kwa dawa, mikono inatetemeka. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Umeona, dada? Mungu hamtupi mja wake. Nilijua tu yatakwisha vizuri."

"Ulijua?"

"Nilikuombea sana."

Nesi aliyaweka maua nje ya chumba, wagonjwa wa figo jipya hawaruhusiwi maua. Hamadi alikaa kidogo akaondoka. Siku hizi tukikutana harusini huwaambia watu, "Mimi na dada tumepita kwenye tabu kubwa." Na watu humpa pole.

Shirika nalo likamaliza kazi yake kwangu. Nilipopata nafuu, chakula kilisimama, na Bwana Leonard alipewa mgonjwa mwingine. Ruth alinieleza kwa uwazi uleule kwamba kuna orodha ya wanaongojea. Nilielewa kwa akili. Jumatatu ya kwanza isiyo na gari mlangoni nilikaa dirishani na koti nimevaa, kama mjinga, na nikaona uchungu ambao sikuwa na haki nao.

Mwaka ulipita. Ruth akanipigia kuniuliza kama nitapenda kuzungumza na familia zenye mgonjwa wa figo, pale shirikani, mara moja kwa mwezi. Nimeenda tangu hapo. Napewa chai, nasikiliza zaidi kuliko kusema. Wengi wanataka kujua kuhusu sindano na kiu.

Mwezi uliopita baada ya watu kutawanyika alibaki mwanamume mmoja, Daniel, mtu wa makamo mwenye ndevu fupi, ameikunjakunja kofia yake mkononi. Dada yake yuko kwenye mashine. Wamepimwa, wanaendana. Siku ya upasuaji inazungumzwa.

"Siwezi," aliniambia. "Kila mtu ananishukuru, na mimi siwezi. Nikifikiria kile chumba cha upasuaji natapika. Nimeacha kupokea simu zake."

Nilitaka kumwambia maneno yote niliyokuwa nimemwekea Hamadi, mwaka mzima nimeyanoa. Nikaitazama ile kofia aliyokuwa anaizungusha mkononi.

"Anakaa wapi dada yako?"

"Hendon."

"Nenda leo. Usitume ujumbe. Keti karibu naye umwambie huwezi. Atalia, pengine atakufukuza. Lakini atajua anangoja nini na hangoji nini. Halafu siku zake za mashine mpeleke, na umrudishe."

Akaniuliza, "Wewe ungemsamehe?"

"Aliyeniambia, ningemsamehe siku hiyo hiyo."

"Na ndugu yako?"

Nikakusanya vikombe vya chai nikavipeleka kwenye sinki. Nilimwambia ndugu yangu bado hajaniambia.